Mpagazi Aliyekosa Kwao

Simu ilinikuta jikoni nikigombana na jiko la gesi lililogoma kuwaka. Sauti ya mwanamke ikanipa shikamoo, ikajitambulisha kuwa ni Kalunde, binti wa Maganga, fundi cherehani wa Tabora. Akasema baba yake amefariki alfajiri hospitalini Kitete na watamzika keshokutwa. Kisha akaongeza: "Mama, tunakuomba uje umtanie baba." Nilimwelewa mara moja. Mimi ni Mzaramo, marehemu ni Mnyamwezi, na msiba wa Mnyamwezi ukikosa mtani watu husema umepooza. Tangu enzi za misafara, wazee wao walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu mpaka pwani na kukutana njiani na wazee wetu, tulipeana ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, na ruhusa hiyo inafika mpaka kaburini. Mtani ndiye anayevaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akaziba mlango jeneza lisipite, mpaka waliolia tangu jana wacheke. Nilimwambia Kalunde nakuja, nikaliacha jiko lilivyo.

Wengi wananijua kwa jina la Mama Ngebe, yule mwanamke wa kwenye televisheni anayejua mambo ya nyumba zote isipokuwa ya kwake. Nilimwandika mimi, nikamwigiza mimi, na amenilisha tangu televisheni ilipofika huku kwetu hadi magoti yangu yalipokataa kusimama mbele ya kamera. Vijana wakinikuta sokoni wanataka niwachambe, na nisipowachamba wanaondoka wamenuna. Waandishi wa magazeti huniuliza nilisomea wapi uchekeshaji, nami huwatajia warsha mbili tatu ili waniache niende zangu. Sikuwahi kuwaambia habari za Maganga. Ningeanza naye ningelazimika kumaliza naye, na mwisho wetu haukuwa mzuri. Sasa nimetoka kumzika, na tangu nirudi Dar es Salaam sijakaa kitako. Nafungua dirisha, nalifunga. Nachemsha chai, naisahau. Afadhali niandike.

Nilikwenda Tabora nikiwa na miaka kumi na tisa, nimepangiwa kazi ya opereta wa simu. Ulikuwa mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijijini, na ulikuwa mwaka wa njaa pia, tulipokula ugali wa unga wa njano uliotoka ng'ambo ya bahari, unga ambao kila mtu aliulaani na kila mtu aliupangia foleni. Tabora ni mji wa wapitaji. Treni ikifika pale hukatwa vipande, mabehewa haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, na abiria hukaa stesheni na vikapu vyao wakisubiri kuambiwa wao ni wa upande upi. Nami nilifika na nia hiyo hiyo ya kupita. Nilijiambia nitavumilia mpaka nipate uhamisho, na kila filimbi ya treni ilipolia miguu ilinicheza chini ya meza. Nilikuwa msichana wa kuchoka haraka: nilichoka na shule kabla haijaisha, nikachoka na mchumba kabla hajaleta posa, na sikujua ni kitu gani hasa nilichokuwa nakikimbilia.

Nilipanga chumba mtaa wa Ng'ambo, kwa Bi Zuwena, mjane ambaye ukoo wake ulikuwa pale mjini tangu watu wa misafara walipoanza kujenga nyumba za kudumu. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha kamba, meza moja yenye mguu mfupi, na dirisha la mbao lililofunguka barazani. Chini ya dirisha hilo ndipo Maganga alipoweka cherehani yake. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, utepe wa kupimia shingoni, na sauti ya besi ambayo Jumapili aliitumia kwenye kwaya ya kanisa la Kimoravia na siku nyingine zote aliitumia kunisumbua. Asubuhi ya kwanza nilipofungua dirisha alinitazama juu chini, akawaambia wateja wake kwamba watu wa pwani wamemletea mtumwa wake, kumbe ni mwembamba hivi, sasa atabeba nini. Wote wakacheka. Nilifunga dirisha nikaenda uani kumshitakia Bi Zuwena. Alikuwa anageuza vitumbua, wala hakuinua uso.

"Mwanangu, huyo amekusalimia," akasema. "Usipomjibu ndipo utakuwa umemtukana kweli."

Siku nzima kazini nilitafuta jibu. Kesho yake nilifungua dirisha nikamwambia Maganga kwamba nimetumwa Tabora na ukoo wetu kumtafuta mpagazi wa babu yangu. Babu alimpa mzigo wa nguo aulete huku bara, mpagazi akapotea nao, na leo ndiyo namwona, kumbe amefungua ufundi cherehani. Mguu wa Maganga ukasimama juu ya pedeli. Hakucheka. Akauliza kama jibu lile nimelisikia kwa mtu au nimelitunga mwenyewe. Nilipomwambia nimelitunga, akasema jioni niende naye ukumbini, kuna kikundi.

Kilikuwa kikundi cha utamaduni cha wafanyakazi wa pale mjini, na Maganga ndiye aliyekiongoza. Tulikuwa na ngoma, kwaya na ngonjera, na mwishoni vichekesho, ambavyo ndivyo watu walivyovisubiri wakati mengine yakiendelea. Maganga hakuwahi kuandika neno. Mimi ndiye niliyeandika, na sentensi zangu niliziokota kazini. Kazi yangu ilikuwa kuwaunganisha watu kisha nijitoe kwenye laini, lakini katika umri ule na upweke ule, nani angejitoa? Nilimsikia mfanyabiashara wa Nzega akimwambia mkewe kwamba lori limekwama kwenye matope, na huo ulikuwa mwezi wa vumbi. Nilimsikia bwana mkubwa mmoja akisukuma kiti asimame ndipo aongee na mkubwa wake wa Dar es Salaam. Akimpigia mama yake, kiti hakikusogea. Jioni nilikaa kwenye kigoda kando ya cherehani nikamwigizia Maganga yote hayo, naye akishona suruali za watu. Pedeli ikisimama, sentensi ilikuwa nzuri. Ikiendelea kwenda, niliitupa. Ikipunguza mwendo, maana yake nijaribu tena kwa maneno machache zaidi. Nimefanya kazi na waongozaji wa vipindi waliosoma nje ya nchi, na hakuna aliyenifundisha kipimo kingine. Mpaka leo nikiandika, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu.

Alinikataza jambo moja tu. "Wewe usicheke," alikuwa ananiambia. "Ukicheka wewe, wao watabaki na nini?"

Nikikumbuka miezi ile nakumbuka pia chakula, labda kwa sababu kilikuwa haba. Mke wa Maganga alimletea mchana bakuli la uyoga uliopikwa kwa karanga, na yeye alinimegea ugali ule wa njano huku akinisimanga kwamba Wazaramo wanakula hata wakiwa wamelala. Bi Zuwena akipata asali alinipakia kwenye kitumbua kilichobaki. Baraza ilijaa watu waliokuja kupimwa nguo na hawakuondoka, na mazungumzo yao yalikuwa mamoja: fulani amehamishwa, fulani amegoma, fulani nyumba yake imevunjwa akiwa shambani. Waliongea kwa sauti ya chini, na akitokea mtu wasiyemjua walirudi kwenye habari za mvua. Nilikuwa mwana wa siasa ya wakati wangu. Niliamini kabisa kwamba watu wakikaa pamoja watapata maji, shule na zahanati, na mpaka leo sioni aibu kuliamini hilo. Maneno ya barazani niliyasikia kama nilivyosikia ya kwenye simu, kwa ajili ya lafudhi zake.

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam atatembelea kijiji kipya kilichoanzishwa upande wa barabara ya Nzega, na kikundi chetu kitamtumbuiza. Afisa aliyetusimamia tulimwita Bwana Utamaduni. Alikuwa kijana msomi, mpole, mwenye hofu ya kila kitu, na sharti lake lilikuwa kila kichekesho kiwe na funzo, na funzo likae mwishoni ili watu waende nalo. Tukatunga kichekesho cha mpagazi. Mpagazi wa zamani anarudi kutoka pwani akiwa amechelewa miaka mingi, mzigo bado uko kichwani, anatafuta kwao. Anakuta kijiji kipya. Anaonyeshwa kisima, anaonyeshwa darasa, anapewa jembe na kuambiwa atue mzigo wa wengine, sasa abebe wa kwake. Bwana Utamaduni aliupenda mwisho huo hata akaomba tuurudie. Maganga ndiye mpagazi. Mimi nilipewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kuwakumbusha waigizaji maneno yao.

Kisha tukajua kwamba mgeni mwenyewe ni Mzaramo wa Kisarawe. Maganga alifurahi kupita kiasi. Akasema mtani wake anakuja, na siku hiyo atamwosha mbele ya watu wake mpaka aombe maji. Bi Zuwena, aliyekuwa anachambua maharage kizingitini, akasema taratibu kwamba mtu akishapewa gari lenye bendera, utani wake huuacha nyumbani kwao. Maganga akamjibu kuwa mtani hakasiriki. Hata awe nani, akikasirika atakuwa amewaaibisha wazee wake. Aliliamini hilo kama alivyoamini kwamba sindano inashona. Kwake lilikuwa ni agano la wazee lililokuwepo kabla ya serikali yoyote, na hakuona cheo gani kingelivunja.

Tulikwenda kwa lori siku hiyo asubuhi, kwenye barabara ambayo Maganga alisema kwa sehemu kubwa inafuata njia ya misafara. Kijiji kilikuwa kimepangwa mistari iliyonyooka sana. Nyumba nyingi zilikuwa kuta tupu, hazijaezekwa, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Tulipewa nyumba moja isiyo na paa tubadilishie nguo humo, na sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga. Nyuma ya ukuta wanawake wawili walikuwa wanapika kuku na wali wa mgeni. Waliongea Kinyamwezi, na Maganga akawa ananitafsiria kwa mchezo huku anatafuna: huyu anasema kuku ni wake ila hataonja, yule anasema wali huu hata mumewe hajawahi kuuona. Tukawa tunacheka. Halafu Maganga akanyamaza katikati ya sentensi. Nilimwuliza mama anasema nini. Nikamvuta shati.

Akaniambia kwamba yule mama mkubwa kwa umri huwa anarudi kule alikotolewa, kwa mguu, akafagie uwanja. Nyumba imevunjwa. Kilichobaki ni uwanja na kaburi la mama yake. Mwenzake alimwuliza anamfagilia nani, naye akasema hajui, ila akiacha patakuwa pori. Maganga aliyasema hayo bila kunitazama, na tonge la kiazi lilikuwa bado shavuni. Nilimwambia tuvae, mgeni amefika. Nilidhani ni woga wa jukwaa umemshika, na nikashangaa, maana hakuwa na woga huo.

Mgeni aliketishwa chini ya turubai, viongozi pande zote mbili, gazeti limekunjwa mkononi akijipepea. Wanakijiji walikaa chini. Ngonjera zikapita, kwaya ikapita, kisha Maganga akatokea na robota la nguo kichwani, mgongo umepinda, anatembea kama mtu ambaye miguu yake imesahau kuwa anaweza kusimama. Alifika mbele, akafuta jasho, akasema: "Nimetoka pwani. Nimechelewa kidogo." Uwanja mzima ukapasuka. Akapiga hodi nyumba ya kwanza, akapiga hodi ya pili, akageuka kuuliza kama nyumba zote hizi ni mapacha. Mgeni alicheka mpaka gazeti likamdondoka. Nyuma ya pazia nilikuwa nafuata maneno kwa kidole, na mpaka hapo yote yalikuwa yangu. Lilifuata swali la kwao pako wapi, na hapo, kama jibu, mtoto wa shule angetokea kumwonyesha kisima. Mtoto alitokea. Maganga akampita.

Aliuliza tena kwao pako wapi, safari hii kwa sauti ya kawaida, ile ya barazani. Akasema kwake palikuwa na uwanja uliofagiliwa na kaburi la mama yake pembeni, nani amepaona. Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja. Ndipo akamgeukia mgeni, robota bado liko kichwani, akatabasamu kama mtani anavyomtabasamia mtani.

"Yule aliyenibebesha pembe zamani alinivunja shingo tu. Kwetu aliniachia. Wewe, Mzaramo, kwetu umepapeleka wapi?"

Bibi mmoja mbele alitoa sauti ndogo, "Eee," kama mtu aliyeguswa kidonda. Mgeni hakukasirika waziwazi. Gazeti lilisimama, akamwinamia aliyekaa karibu naye akauliza huyu ni nani, nilisoma midomo yake, na karibu na gari wanaume wawili waliovaa miwani wakaanza kuja taratibu bila kumtazama mtu. Bwana Utamaduni aliinamisha kichwa. Maganga alikuwa bado anatabasamu. Alikuwa anasubiri mtani wake amjibu tusi kwa tusi, kwa sababu ndivyo inavyokuwa, na nikaona hajaelewa kabisa kwamba hakuna jibu linalokuja.

Nilitoka nyuma ya pazia. Sikuamua, nilitoka tu, nikajifunga khanga kiunoni huku natembea, nikamvamia kwa sauti ya shangazi zangu wote wa Kisarawe kwa pamoja. Nilimwita mlevi. Nilimwambia kwao pako pale pale, ila yeye nguo za babu yangu amezibadilisha kwa pombe ya asali njia nzima, kijiji chake amekipita tangu jana akiwa anaimba, na sasa anaulizia nyumba kwa watu wenye nyumba zao. Nikamnusa mdomo, nikarudi nyuma nimeziba pua. Nikamgeukia mgeni nikamwambia, kaka, mtumwa wetu ndiye huyu, tumfanye nini? Kwa pumzi moja hivi nilidhani tumekwisha wote wawili. Kisha mgeni akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyefunguliwa kamba, akasema tumpeleke Kisarawe akapalilie minazi. Viongozi wakacheka kwa kuwa amecheka yeye. Wale wawili wakarudi kwenye gari. Mwishowe na wanakijiji wakacheka, maana mlevi anachekesha. Maganga alinitazama. Nilisubiri atasema nini. Akashusha bega moja, akalegeza goti, akaanza kuyumba. Hakuna mtu nchi hii aliyewahi kuyumba kama Maganga. Alinifuata mpaka kwenye kisima, akapewa jembe, akalishika kinyume, na funzo likafika mwishoni kama lilivyotakiwa.

Kwenye lori wenzetu walinipongeza, wengine walilia kwa hofu iliyopita. Maganga alikaa nyuma kabisa, uso kwenye vumbi. Kesho yake asubuhi nilifungua dirisha nikitegemea tusi la kwanza la siku. Alikuwa anashona. Nikatoka nikakaa kwenye kigoda changu. Pedeli haikusimama.

"Umenifanya mlevi," akasema.

Nilimwambia wangemchukua. Nilimwambia wale watu wawili walikuwa wameshaanza kuja, ana mke, ana watoto, angechukuliwa mbele ya macho yetu, na mtani wake hakuwa mtani tena, Bi Zuwena alimwambia.

"Ndiyo, wangenichukua. Umeniokoa, sikatai." Aling'ata uzi akaukata. "Lakini yule mama sasa anajua kwamba mtu anayeulizia kwao ni mlevi. Na amecheka. Nilimwona anacheka."

Kisha nikaanza kumwomba anisamehe, na kabla sijalimaliza neno aliinua mkono.

"Usimalizie. Watani hatuombani radhi. Ukiniomba radhi, mimi na wewe tumekuwa watu baki."

Basi sikuomba. Alinifungia mlango nisiweze kuingia wala kutoka, na hasira zilinipanda mpaka masikioni. Niliingia chumbani nikafunga dirisha, na joto lote la mchana ule nikalikalia ndani.

Wiki chache baadaye uhamisho wangu ulikuja. Mgeni alikuwa ameuliza yule binti ni nani, na nikaitwa Dar es Salaam, kwenye kikundi cha maigizo, halafu redioni. Kabla ya kuondoka tulicheza kile kichekesho vijiji vingine kadhaa, kwa maana kiliombwa kila mahali, na walichokiomba ni mpagazi mlevi. Nilivyosikia baadaye, Maganga aliendelea kukicheza kwa miaka mingi, na mwanamke mwingine akifanya nafasi yangu. Hakuguswa na mtu. Alizeeka, akasomesha watoto, akaimba besi kanisani. Siku ya safari yangu hakuja stesheni. Bi Zuwena alinipa asali kwenye chupa na kuniambia fundi ana suruali za watu za kumaliza.

Nimebishana naye tangu siku ile, na sasa nabishana na maiti. Namwambia aliona watoto wake wakikua. Namwambia mimi nimewajua wachekeshaji waliosema moja kwa moja, na vipindi vyao vikaondolewa hewani, na hakuna anayewakumbuka. Nilichokifanya kwenye uwanja ule kikawa ndio ufundi wangu. Nakipeleka kichekesho mpaka mlangoni kwa mwenyewe, watu wanashika pumzi, halafu nakigeuza kwa Mama Ngebe: kumbe ni yeye aliyekosea namba, kumbe ni umbea wake, kumbe ni chumvi imezidi kwenye mboga. Watayarishaji walinisifu kwamba najua mpaka uko wapi. Wale niliokuwa nawapelekea kichekesho mlangoni walinialika harusi za watoto wao. Na niseme wazi, ningerudishwa kwenye kijiji kile leo, ningetoka tena nyuma ya pazia lile. Ila sijawahi kulisema hilo nikiwa nimekaa. Nalisema nikitembea chumbani, huku na huku.

Nilifika Tabora asubuhi ya mazishi. Kalunde alinipokea, akanipa shikamoo, akaniketisha kwenye mkeka chumbani karibu na jeneza. Ana mabega ya baba yake. Tulilia kidogo, kisha akanisimulia kwamba Maganga hakuwahi kukosa kipindi changu. Hata umeme ukikatika alikwenda kwa jirani mwenye jenereta.

"Ikifika pale mambo yanapokuwa makali, anatunyamazisha," akasema. "Anatuambia, subirini, sasa anaigeuza. Na wewe unaigeuza kweli, mama. Hukumwangusha hata mara moja."

Nilimwuliza kama alikuwa anacheka.

"Sana. Halafu anatoka nje anakaa peke yake."

Alilisema kwa upendo, akidhani ananipa zawadi, na nilimshukuru. Nikavaa koti la Maganga, nikatundika utepe wake shingoni, nikatoka mlangoni kwa mwendo wake, kifua mbele, matako nyuma, na msiba wote ukaanza kucheka huku unalia. Niliwapima watu kiuno nikawaambia wamenenepa kwa kula rambirambi. Niliimba besi mpaka mchungaji akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Jeneza lilipoletwa nikaziba mlango kwa mikono miwili. Mbele, kwenye viti vya plastiki, walikaa waheshimiwa wa mji, diwani na wenzake, na nyuma yao vijana wengi sana. Niliokota robota la nguo zake lililokuwa pembeni, nikaliweka kichwani. Nikasema kwa sauti yake ya barazani kwamba nimetoka pwani, nimechelewa kidogo. Nikauliza kwetu wapi, palikuwa na uwanja uliofagiliwa na kaburi la mama. Kisha nikasema maneno yake yote, kama alivyoyasema, mpaka pale pa mwisho: wewe, Mzaramo, kwetu umepapeleka wapi? Mzaramo pale alikuwa mimi peke yangu. Sikuongeza neno. Sikucheka. Nilisimama na mzigo kichwani nikasubiri.

Walicheka. Vijana walicheka kwa sababu mimi ni Mama Ngebe, wakanyanyua simu wanipige picha. Hakuna aliyekuwa anajua naongelea nini. Lilikuwa neno ambalo lingemfanya mtu apotezwe, na sasa mtu yeyote angeweza kulisema, mahali popote, wakati wowote. Nilitafuta uso mmoja wenye umri wa kukumbuka, sikuupata. Diwani alifuta machozi ya kicheko kwa leso, akamwambia jirani yake kwamba huyu mama hajazeeka hata kidogo. Nikatua mzigo, nikawapisha, jeneza likapita.